Gari Lisilozima Mbele ya Fundi

Kwenye droo ya meza yangu kuna daftari la shule la kurasa 48, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kurasa nne za mwanzo zimejaa mistari ya namna hii: "Jumapili, saa 10 jioni, Pongwe, mbele kidogo ya tuta. Tangi robo. Jua. Limezima. Dakika 6. Limewaka." Hiyo ndiyo habari ya Corolla yangu kuanzia Novemba hadi Machi. Mistari iko kumi na moja. Kabla ya hapo lilishazima mara kadhaa ambazo sikuziandika, maana wakati huo nilikuwa bado naamini ni kitu kidogo.

Gari lenyewe ni Corolla 110, injini ya 5A, cc 1,498, gia za mkono, rangi ya fedha iliyochoka ikawa kijivu. Nililinunua kwa mwalimu mwenzangu alipohamia Dodoma. Si gari la maringo. Spea zake zimejaa kila duka, na hapa Tanga fundi anaweza kulifungua huku anapiga soga bila hata kuangalia mkono wake. Nilipolinunua niliambiwa, "Hili halitakusumbua mwalimu, na likikusumbua utajua tu ni nini." Nusu ya kwanza ilikuwa kweli kwa miaka miwili.

Niseme jinsi linavyozima. Unakwenda zako kilomita 60 kwa saa, gia ya nne, mara unahisi linashikwa, kama mtu aliyepaliwa. Linajikaza, linaachia, linajikaza tena, halafu kimya. Taa nyekundu za betri na oili zinawaka, unasikia upepo na matairi tu. Unaserereka mpaka pembeni. Unapiga stata, inazungusha kwa nguvu zote, betri nzima, lakini injini haishiki. Unafungua boneti kwa sababu ndivyo watu wanavyofanya, unaangalia, unafunga. Abiria wanashuka wanyooshe miguu. Baada ya dakika tano au sita unapiga tena stata kwa kujaribu bahati, na linawaka papo hapo, linanguruma kwa adabu kama vile halikuwa lile lililokuaibisha mbele ya mama mkwe.

Mama mkwe anakaa Muheza, na kila mwezi namleta mjini kliniki ya presha. Kumbuka hilo.

Fundi wangu wa siku zote alianza na plagi. Plagi nne, shilingi 40,000. Baada ya wiki likazima Makorora. Akabadilisha filta ya mafuta, 25,000, na kwa haki ya Mungu ile ya zamani ilikuwa chafu, ukipuliza unapata tope. Likazima tena. Akasema sasa hii ni pampu, na mimi nikakubali kwa moyo mmoja, maana dalili zote ni za gari lililokosa mafuta: linakohoa kwanza ndipo linazima, tofauti na lile linalokatika moto ghafla, ambalo huzima kama taa ya chumbani. Tukaagiza pampu ya mtumba wa Japani, ikaja na basi la usiku kutoka Dar, 130,000 ukiacha ufundi. Siku tisa. Siku ya kumi likazima njia ya Muheza.

Hapo akahamia kwenye alamu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga alamu ile ya kukata mafuta, na kweli nyaya zake chini ya usukani zilikuwa zimesokotwa kwa mkono na kuviringishwa tepu nyeusi iliyokwisha kulainika kama ubani. Mtu yeyote angezishuku. Tukaitoa alamu njiani, waya ukaunganishwa moja kwa moja, 15,000. Likapumua siku nne.

Jumla 210,000, na sina kinyongo na fundi. Kila alichobadilisha kilikuwa na sababu. Tatizo lake lilikuwa moja, na aliniambia mwenyewe kwa uchungu: "Ticha, nimelizungusha mpaka Raskazone na kurudi mara tatu. Halizimi. Mimi nitatibu vipi mgonjwa anayekuja amepona?" Gari lilikuwa linamheshimu. Kwangu linazima, kwake haliguni.

Na hii ni Tanga. Watu hawakukosa maelezo. Jirani mmoja aliniuliza, uso mkavu kabisa, kama niliponunua gari niliuliza lilikuwa la nani kabla ya mwalimu. Mwingine akaniambia pale Pongwe kuna mbuyu. Nilicheka, lakini nakiri kwamba mara ya sita lilipozima karibu na palepale nilitazama kulia na kushoto kabla ya kufungua mlango.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mimi nafundisha fizikia. Miaka kumi na minne nimesimama mbele ya watoto nikichora betri, swichi na taa, nikisema mkondo ni lazima uende na urudi, njia ya kurudi ni sawa na njia ya kwenda. Mganga hajigangi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme wa magari wa Ngamiani, ambaye kazi yake kubwa siku hizi ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusuka upya alteneta na stata. Nilimfuata asubuhi ya Jumamosi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Limefanya nini?"

"Linazima."

"Linazima lini?"

"Halina lini, mzee. Linajizimia tu."

Akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyejibu bila kusoma swali. "Hakuna kisicho na lini. Kanunue daftari. Likizima andika saa, mahali, mafuta kiasi gani, jua au mvua, na nani yumo ndani. Usiniletee gari. Niletee daftari."

Nilidhani ananifukuza kwa heshima. Lakini nikaandika. Na kwa ukaidi wangu safu ya "nani yumo" niliiacha, nikaona ni maneno ya mzee tu. Niliweka safu ya joto badala yake, kwa sababu nilishaamua moyoni kwamba ni joto: rilei, ile swichi inayowashwa na umeme, ikipata moto, risasi ya kulehemia ya ndani yake iliyopasuka inaachana, ikipoa inashikana. Hilo si wazo la kijinga, ni ugonjwa unaojulikana sana kwenye Honda za miaka ya tisini. Kasoro yake kwangu ni kwamba mstari wa nne wa daftari unasema limezima saa 1 asubuhi, mvua, kilomita mbili kutoka nyumbani.

Niliporudi na mistari kumi, mzee aliisoma yote, akafunga daftari, akasema basi sasa tutege mtego. Akanichorea kwa chaki kwenye sakafu njia ya umeme wa pampu. Naiandika hapa kwa maneno yake kadiri ninavyokumbuka, maana ndiyo ilinifungua macho.

Umeme unatoka betri, unapita fyuzi, unaingia rilei kuu ya mfumo wa mafuta, ile inayoamka ukiwasha swichi. Hapo unagawanyika. Tawi moja linakwenda rilei ya pili, rilei ya pampu. Hii ina akili kidogo. Unapopiga stata inashikwa na stata. Injini ikishawaka inashikwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, na kontroli haiishiki mpaka ione injini inazunguka. Injini ikisimama, baada ya kama sekunde mbili kontroli inaiachia na pampu inasimama. Imefanywa hivyo makusudi: gari likipinduka na mpira wa mafuta ukakatika, pampu isiendelee kumwaga petroli barabarani. Kutoka rilei hiyo waya unakwenda nyuma kabisa hadi kwenye tangi, unaingia pampu, unatoka pampu, unaingia kwenye bodi ya gari, na kwa bodi unarudi kwenye hasi ya betri.

"Njia ndefu," akasema. "Mwizi yuko mahali pamoja tu. Hatumtafuti nyumba kwa nyumba. Tunaikata njia katikati tunasikiliza yuko upande gani."

Toyota za zama hizo zina kijiboksi cheusi chini ya boneti, ukifungua kifuniko unakuta matundu na upande wa ndani wa kifuniko kumeandikwa herufi. Mawili ndiyo tuliyoyataka. Tundu la +B ni umeme uliokwisha kupita rilei kuu. Tundu la FP ni umeme uliokwisha kupita rilei ya pampu, yaani ule ule unaokwenda kwa pampu. Mzee akachukua soketi mbili za taa za namba, balbu za wati 5, kila moja akaivuta waya mrefu, na mwanzoni mwa kila waya akaweka fyuzi ya ampia 5. Hilo la fyuzi alilisisitiza mpaka akaniudhi. Waya wa majaribio usio na fyuzi ukichubuka kwenye mlango, alisema, utatoka kutafuta ugonjwa mmoja urudi na gari lililoungua.

Nyaya zikapita pembeni ya boneti, zikaingia kwa dirisha langu, balbu zikabandikwa kwa tepu juu ya dashibodi. Kushoto +B, kulia FP. Arthi, yaani waya wa kurudishia umeme, ya balbu zote mbili tuliifunga mbele, kwenye injini. Akanipa sheria tatu, niliziandika nyuma ya daftari:

Likizima na balbu zote zimekufa, tazama swichi ya ufunguo, fyuzi au rilei kuu. Likizima na ya kulia peke yake imekufa, ni rilei ya pampu au kinachoiamuru. Likizima na zote zinawaka, mbele hakuna kosa, nenda nyuma.

"Lakini angalia," akaongeza, "injini ikishasimama ya kulia itazimika tu, hata kama haina kosa. Kontroli itaiachia. Wewe unachotaka kujua ni nani aliyetangulia. Injini au taa."

Hapo ndipo utamu wa gia za mkono ulipoonekana. Kwenye gari la otomatiki injini ikikata imekata, na una sekunde mbili za kutazama. Mimi nikiliacha kwenye gia ya nne bila kukanyaga klachi, matairi yanaendelea kuizungusha injini, kontroli inaendelea kuamini mambo ni mazuri, na nina muda wa kutosha kuona balbu zinasemaje. Hata hivyo barabara inataka macho. Kazi ya kutazama nikampa kijana wangu wa kidato cha tatu: akae mbele, simu mkononi, arekodi video ya balbu muda wote.

Siku kumi na moja halikuzima. Ulishawahi kuomba gari lako lizime? Nilikuwa nalitembeza bila sababu. Polisi wa usalama barabarani alinisimamisha akauliza zile taa mbili ni za nini, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama na pikipiki nazo zinatibika hivyo.

Likazima Jumapili, tunamrudisha mama mkwe Muheza baada ya arusi. Nilihisi linashikwa, nikapiga kelele "Tazama!", sikukanyaga klachi. Lilikuwa linakohoa na kujivuta kwa kama sekunde nane. Tulipopaki tukairudia video watu wote wanne tukiwa tumeinamia simu. Unasikia injini inakata, unasikia mama mkwe anamtaja Mtume, unaisikia sauti yangu, na muda wote balbu mbili zimetulia, njano, hata hazipepesi.

Zote zinawaka. Nenda nyuma.

Jioni ile ile nilinyanyua siti ya nyuma. Kwenye 110 siti hiyo inavutwa juu kwa mbele, inachomoka, chini yake kuna kifuniko cha bati na plagi ya nyaya za pampu. Nilikuwa na mita yangu ya shule. Nikachomoa plagi, nikaunganisha kipande cha waya kule mbele kati ya +B na FP ili pampu ipewe umeme bila injini kuwaka, ufunguo ON, nikapima kwenye plagi, chanya na hasi. Volti 12.4. Nikaitikisa. 12.4. Nikaivuta. 12.4. Nikamwandikia mzee ujumbe kwamba umeme unafika vizuri hadi kwenye pampu, kwa hiyo pampu ya mtumba niliyouziwa ni mbovu vilevile, na nikaanza kumtukana muuza spea kimoyomoyo.

Mzee alinipigia. Hakunisalimu. "Umepima plagi imechomolewa?"

"Ndiyo."

"Pampu haipo?"

"Haipo, mzee."

"Mita inaonja. Pampu inakula. Huwezi kujua kama sufuria ina chakula cha watu kumi kwa kuonja na kijiko. Tafuta mlaji."

Nilikaa pale kwenye mkeka na simu mkononi nikiona aibu ya miaka kumi na minne. Mita yangu ina ukinzani wa ndani wa megaomu 10. Hata kungekuwa na skrubu yenye kutu ya omu 1,000 mahali fulani njiani, mita ingepoteza kiasi cha sehemu moja ya elfu ya volti, na mimi ningesoma 12.4 nikaenda kulala. Pampu haiko hivyo. Pampu inavuta ampia nne, tano. Kwa mlaji wa namna hiyo omu moja tu, omu moja, inakula volti nne. Hili swali nimewahi kulitunga mwenyewe kwenye mtihani wa muhula.

Nikachukua balbu ya breki, wati 21, ambayo peke yake inavuta karibu ampia 1.75, nikaifunga kwenye plagi mahali pa pampu. Ikawaka nyeupe. Nikatikisa plagi, ikabaki nyeupe. Nikavuta nyaya kuelekea mbele, nyeupe. Nikamwita mke wangu aje aone jinsi umeme ulivyo mzuri, naye alipoinama kuona akaweka kiganja kwenye zulia upande wa kushoto, na balbu ikawa nyekundu kama kaa la mkaa linalokufa.

"Toa mkono," nikamwambia. Nyeupe. "Weka." Nyekundu.

Yeye ndiye aliyesema. Mimi nilikuwa bado nashangaa mkono wake. Alisema, "Si ndipo mama anapokaa hapo?"

Nikaenda kulichukua daftari. Ile safu niliyoikataa tukaijaza wawili usiku ule kwa kumbukumbu, mstari kwa mstari. Pongwe, mama nyuma. Makorora, watoto nyuma na jirani. Ile ya saa 1 asubuhi ya mvua, nilikuwa nimewabeba walimu wawili. Mara kumi na moja, na mara zote kumi na moja kulikuwa na mtu kiti cha nyuma. Na fundi wangu, masikini, akienda Raskazone na kurudi, alikuwa peke yake. Zile dakika sita nilizodhani gari linapoa ndizo zile dakika ambazo abiria walikuwa wameshuka kunyoosha miguu.

Nikakunja zulia. Waya wa arthi wa pampu haukuwa ule wa kiwandani. Kuna mtu, miaka mingi nyuma kabla yangu, pengine siku alipobadilisha pampu ya kwanza, aliukata ule wa asili, akaunga kipande cha waya mweusi mwembamba wa spika, akaupitisha chini ya siti, na kuufunga kwenye sakafu kwa skrubu ya kujitobolea. Ya bati, ile ya kupigia mabati. Hakukwangua rangi. Skrubu ilishika kwa meno yake mawili matatu tu. Ilitosha kwa miaka.

Kisha nikaja mimi na samaki. Tangu Agosti mke wangu alianza kuchukua samaki Deep Sea kila Jumamosi na kuwauzia watu wa ofisini, na ndoo zinakaa wapi? Sakafuni, nyuma, upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia kuna dereva aliyerudisha siti. Maji ya barafu na chumvi yamekuwa yakimwagika kidogo kidogo kila kona. Ile skrubu ilikuwa imevimba kutu ya rangi ya kahawia, na nyuzi za waya pale zilipokunjwa zimeota unga wa kijani, ule unaouona kwenye vichwa vya betri iliyotelekezwa. Nyuzi nzima nilihesabu tano. Spiringi ya siti ikikandamizwa na mtu, inausukuma waya, skrubu inalegea kwenye tundu lake, na pampu inabaki na njia ya kwenda lakini haina ya kurudi. Balbu zangu mbili za dashibodi zilikuwa zinawaka kwa amani kwa kuwa arthi yake iko mbele kwenye injini. Hazikuwa na habari na matatizo ya nyuma.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa mzee, na kabla ya kukata chochote alitaka tupime, "ili ujue kutofautisha." Plagi ikarudishwa, pampu inafanya kazi, injini inanguruma. Milango yote wazi, na kijana aliyekuwa anavuta sigara akaambiwa akavutie ng'ambo ya barabara, maana tuko juu ya tangi la petroli. Ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri kwa waya mrefu, nyingine kwenye mguu wa arthi wa pampu. Hapo, alisema, gari zima linatakiwa kusoma karibu na sifuri, moja au mbili baada ya nukta. Tukasoma 0.6 kiti kikiwa kitupu. Tayari si nzuri. Akamwambia mwanafunzi wake akalie siti. 3.8, na injini ikaanza kupaliwa. Akainuka, 0.6. Betri inasoma 13.9 muda wote, kwa hiyo pampu ilikuwa inapewa kama volti kumi na mapigo yake yanabadilika, unausikia mlio wake unashuka kama mbu anayetua.

Sikutaka iishe. Nilimwomba yule kijana akae na kuinuka tena mara mbili, kwa raha yangu tu.

Matengenezo yenyewe hayana hadithi. Waya mpya mnene, tamino ya duara iliyobanwa kisha ikalehemiwa, bati likakwanguliwa kwa msasa mpaka likang'aa, bolti na nati na washa ya meno badala ya skrubu, juu yake grisi, na sehemu yenyewe tumeihamisha juu kidogo pembeni, maji hayafiki. Mita ikasoma 0.1 na kijana amekaa. Nyaya za alamu alizilehemu vizuri palepale, akasema zilikuwa zinasubiri zamu yao. Alinitoza 20,000, na vifaa havikufika elfu tatu. Nilimwongezea, akakataa, nikaacha chini ya kiti chake cha plastiki.

Ile pampu niliyoitoa bado ninayo, nimeifunga kwenye mfuko na naamini ni nzima kabisa. Fundi wangu nilimpelekea ile skrubu kwenye kiberiti. Aliigeuza geuza kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaniomba akae nayo.

Ndoo za samaki sasa zinakaa kwenye beseni kubwa la plastiki ndani ya buti. Balbu mbili sijazitoa. Kila nikitaka kuzitoa mama mkwe anakataa; amezizoea, amekaa palepale kushoto nyuma, na tukipita tuta la Pongwe anasogea mbele kati ya siti mbili na kuuliza, "Mwanangu, zote zinawaka?"

"Zote, mama."

Anarudi kuegemea.